Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Meza Zilizotoka Nje ya Geti

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana wa mtaa, nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Kwa kawaida taarifa hii huanza na mtaro, ikafuata taka, ikamalizikia kwenye ulinzi. Mwaka huu nimeigeuza. Hayo mengine nitayagusa mwishoni kwa mistari michache, kwa sababu karibu kila kikao cha kamati tangu Machi kimemezwa na jambo moja: mgahawa wa kona na meza zake za nje. Wengi mnalijua kwa vipande, kila mtu na kipande alichokisikia dukani. Naliweka hapa lote ili libaki kwenye kumbukumbu za chama.

Ile nyumba ya kona ilijengwa kama nyumba zetu nyingine. Eneo letu, kama ilivyo Sinza na Kijitonyama, lilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliopata mkopo wa Benki ya Dunia. Viwanja ni vidogo na barabara za ndani ni nyembamba. Aliyeichora ramani alimfikiria mtu anayeshuka kituoni na kutembea hadi kwake, si foleni ya magari ya wateja Ijumaa usiku. Mwenye nyumba akaipangisha kwa mfanyabiashara, ukuta wa mbele ukabomolewa, ikaanza supu ya asubuhi na chapati. Hakuna aliyelalamika. Mimi mwenyewe ni mteja wa ile supu, na niseme ukweli, ni nzuri.

Kisha meza zikaanza kutoka. Za kwanza ziliwekwa chini ya mwarobaini, kivulini. Mtaro ukafunikwa kwa mbao, na juu ya mbao zikapangwa nyingine. Likaja turubai, kamba yake moja imefungwa kwenye nguzo ya umeme. Jiko la nyama choma likahamishiwa nje, maelezo yakiwa kwamba moshi unawasumbua wateja ndani. Moshi huohuo sasa unaingia dirishani kwa bibi wa nyumba ya pili, na shuka anazoanika asubuhi anazianua jioni zikinuka mafuta ya mbuzi. Kufikia Pasaka barabara ilikuwa imebaki na upana wa gari moja, na gari la taka likaacha kuingia. Aprili ikapatikana leseni ya vileo. Wiki iliyofuata zilitundikwa spika.

Chama hakina ugomvi na mgahawa, na naomba hilo lisipotoshwe. Kabla haujafunguliwa, kona ile ilikuwa giza, na wapo kati yenu walionyang'anywa simu na mikoba pale pale. Leo kuna taa na watu hadi usiku, na binti anayetoka zamu anapita bila kukimbia. Vijana wetu kadhaa wamepata kazi jikoni. Mwanachama mwenzetu wa chipsi anauza kuliko zamani, na kwenye kikao cha Mei alisimama kuutetea mgahawa kwa hoja ambazo hakuna aliyeweza kuzipuuza. Kamati iliyachukua maoni hayo kwa uzito uleule iliyoyachukua malalamiko. Asiyelala ni mwanachama, na anayepata riziki pale ni mwanachama.

Swali lililotusumbua lilikuwa dogo zaidi: nani aliyeruhusu meza?

Tuliandika barua, tukazungushwa, tukaandika nyingine. Jibu lilipopatikana lilitushangaza kuliko tulivyotegemea. Leseni ya biashara ipo, na inahusu mgahawa ndani ya jengo. Afya walikagua jiko, choo na vyeti vya wahudumu, wakaridhika. Jiko walilolikagua lilikuwa bado liko ndani. Fomu ya vileo ilikuwa na maoni ya mtaa, polisi na afya, yote yamegongwa mihuri. Mipango miji wakafungua jalada lao na kusema kiwanja kimeandikwa makazi na hawajapokea ombi lolote la kubadili matumizi. Kuhusu barabara yenyewe, tangu Julai 2017 barabara za mitaa zinasimamiwa na TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Kwa hiyo hata halmashauri ikipenda kumpa mtu meza kwenye hifadhi ya barabara, haiwezi kufanya hivyo peke yake. Kila mhuri ulikuwa sahihi kwa kipande chake. Meza hazikuwa kwenye kipande cha mtu yeyote. Hakuna ofisi iliyozikubali, na kwa sababu hiyohiyo hakuna iliyojiona inapaswa kuzikataa.

Lipo jambo lililoniuma zaidi ya hayo. Ndani ya jalada la leseni kulikuwa na karatasi ya maoni ya majirani, yenye majina manne na maneno kwamba hawana pingamizi. Jina la kwanza ni la mwenye nyumba mwenyewe. La pili ni la mpangaji aliyehama kabla mwaka haujaanza. Mengine mawili ni ya watu wa ng'ambo ya barabara kubwa, ambako hata muziki haufiki. Bibi wa moshi, ambaye ukuta wake unagusana na jiko, hakuulizwa. Simtuhumu mtu kwa jina, na kamati imekubaliana tusimtafute aliyeiandaa karatasi ile. Lakini Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka anayebadili matumizi ya kiwanja apate kibali, na ombi lijulikane ili mwenye pingamizi aseme. Katika kona ile hatujawahi kuona hata bango moja.

Julai tulimpata afisa mazingira akakubali kuja usiku na kipimo chake cha kelele. Tuliwahi kumpelekea vipimo vilivyochukuliwa kwa simu, akatueleza kwa upole kwamba programu ya simu haisimami popote. Alikaa kwenye kizingiti cha jiko la bibi, geti limefungwa, kipimo kimesimamishwa juu ya kigoda. Ilikuwa bado saa 5 usiku haijafika na namba zilikuwa zinacheza juu ya 60. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo zinaweka desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa nyumba za makazi. Mfanyabiashara, ambaye ni mtu msikivu, alikuja na hoja kwamba eneo letu sasa ni mchanganyiko wa makazi na biashara, ambako usiku ni 45. Nadhani kuna siku atakuwa sahihi, ukiangalia mtaa unavyobadilika. Lakini ramani bado inasema makazi, na hata kwa 45 alikuwa mbali.

Baadhi yenu mlitaka twende NEMC, baraza la taifa la mazingira, moja kwa moja, mkakumbusha jinsi baa na kumbi za starehe zilivyofungiwa mwaka 2023 kwa sababu ya kelele. Haki hiyo tunayo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inampa kila anayeishi nchini haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kuidai. Kamati iliona kufungiwa ni dawa kali kwa mgonjwa ambaye bado anaongea. Wale vijana wa jikoni wangekosa mshahara, kona ingerudi gizani, na baada ya wiki kadhaa angelipa faini akafungua tena, safari hii akiwa na kinyongo.

Tukachagua njia ya leseni. Leseni ya vileo ni ya miezi 6: Aprili hadi Septemba, kisha Oktoba hadi Machi. Maana yake mara mbili kwa mwaka mwenye baa lazima arudi mezani, na hapo ndipo maneno yetu yana uzito. Agosti tulipeleka andiko letu likiwa na saini za kaya zinazopakana na kona, kila saini na namba ya nyumba. Tuliambatanisha mchoro uliochorwa na mwanachama wetu ambaye ni fundi wa ujenzi: mpaka wa kiwanja, mtaro, ukingo wa barabara, na kila meza mahali inaposimama. Naamini mchoro ule ulifanya kazi kuliko barua zote. Watendaji waliokuwa wakibishana kuhusu neno "nje" waliuona, wakanyamaza, wakaanza kuhesabu meza zilizo upande usio wao.

Kikao cha Septemba kiliwakutanisha mfanyabiashara, mwenye nyumba, mtendaji, wataalamu wa halmashauri na watu wetu wawili. Kilitoka na masharti yaliyoandikwa: meza zibaki ndani ya mpaka wa kiwanja, mbao za mtaro zitolewe, jiko lirudi nyuma na lijengewe bomba la moshi, spika ziwe ndani, na wateja wa nje wahamie ndani ifikapo saa 4 usiku. Baa yenyewe inafunga kwa saa zake za leseni, saa 5 siku za kazi na saa 6 mwisho wa wiki. Mwenye nyumba aliahidi kuwasilisha ombi la kubadili matumizi ya kiwanja. Nakala ya masharti ipo kwa katibu.

Oktoba yalifuatwa, tena vizuri. Mbao zilitolewa, mtaro ukapumua, gari la taka likarudi. Novemba ilikuwa ya kampeni za serikali za mitaa. Kila mgombea alikula nyama pale, kila mgombea alimuahidi bibi kwamba moshi utakwisha, na hadi uchaguzi wa tarehe 27 hapakuwa na ofisi iliyotaka kugusa jambo lenye wapiga kura pande zote mbili. Desemba meza mbili zilirudi chini ya mwarobaini. Wakati wa sikukuu zikawa nyingi, na spika moja ikatoka mlangoni "kwa leo tu". Bomba la moshi limejengwa, ila fupi. Bibi anasema moshi umehama kutoka chumbani kwenda sebuleni. Ombi la kubadili matumizi halijawasilishwa.

Hivyo ndivyo tulivyo leo. Naona tumepata masharti, lakini hatujapata kibali, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Masharti yale yameegemea hiari ya mfanyabiashara na kumbukumbu za waliokuwa kikaoni. Afisa mmoja akihamishwa, tunaanza upya.

Wakati tunaandaa andiko, kamati ilijisomea wenzetu wanafanyaje. New York walijaza meza barabarani mwaka 2020 kwa ajili ya korona, na kwa miaka kadhaa wakawa na kelele, panya na vibanda vya mbao vilivyosahauliwa. Mwaka 2023 wakatunga sheria. Kwa sheria hiyo kibali cha meza za nje kina ombi lake mbali na leseni nyingine za mgahawa, kina mchoro, ada yake inategemea ukubwa wa eneo na mahali lilipo, na meza za kwenye barabara ya magari zinaruhusiwa kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Novemba tu. Sisi hatuna theluji na sidai tuige kila kitu. Ninachokipenda ni kwamba meza zenyewe zina karatasi. Mkaguzi akipita anajua ngapi ni halali, mwenye mgahawa anajua amelipia nini, na jirani anajua asubiri muda gani kabla ya kulalamika.

Kwa hiyo hoja ya kamati mbele yenu ni hii. Leseni ya sasa inaisha tarehe 31 Machi. Tunaomba ridhaa yenu tuiandikie halmashauri, nakala kwa TARURA, kwamba chama hakipingi leseni kuendelea iwapo meza za nje zitapewa kibali chao chenyewe kilichoandikwa, chenye mchoro, idadi ya meza, saa za mwisho na jina la afisa anayewajibika, na iwapo ombi la kubadili matumizi litabandikwa getini ambapo sote tutaliona. Bila hayo, tupinge leseni. Wapo kwenye kamati wanaotaka tupinge moja kwa moja, na wapo wanaoona saa 4 usiku ni mapema mno kwa Jumamosi. Watapewa nafasi ya kusema kabla ya kura. Naomba pia mchague watu wawili wa kukaa na mfanyabiashara mwezi Februari, na angalau mmoja awe anayeishi upande wa moshi.

Mengine kwa ufupi. Mtaro wa chini bado umeziba pale kwenye kalavati, na ahadi ya kuuzibua inasubiri bajeti. Taka zinachukuliwa mara mbili kwa wiki tangu Oktoba. Ada ilipwe kwa wakala mwenye kitambulisho na mdai risiti. Ulinzi shirikishi umeyumba kwa sababu michango imeshuka, na orodha ya wanaodaiwa ataisoma mweka hazina, hivyo wanaojijua wanaweza kumwona kabla hajasimama. Mwenyekiti mpya wa serikali ya mtaa amekabidhiwa nakala ya jalada letu lote, na amesaini kulipokea.

Namkaribisha katibu asome masharti ya Septemba kama yalivyoandikwa, halafu tuanze na wenye maoni kutoka nyumba za karibu na kona.