Kocha wa timu ya taifa aanze kutafutwa ndani ya benchi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nichangie mjadala unaozuka kila mara kiti cha kocha mkuu wa timu ya taifa kinapobaki wazi. Mjadala huo huanza hata kabla kocha anayeondoka hajafungasha mizigo yake, na mara nyingi huwagawa wapenzi wa soka katika kambi mbili, wanaotaka mzawa na wanaotaka mgeni. Majina hutajwa, makombe huhesabiwa, na shirikisho, likiwa limebanwa na kelele za pande zote, huishia kutafuta jina litakalowatuliza watu badala ya mtu atakayeiweza kazi. Ninaandika kwa sababu naamini swali la mzawa au mgeni limepewa uzito kupita kiasi, na kwamba swali la kuanza nalo ni hili: ni nani ambaye tayari anawajua wachezaji hawa?

Kazi ya kocha wa taifa ni tofauti sana na ya kocha wa klabu. Kocha wa klabu hukaa na wachezaji wake karibu kila siku kwa miezi mingi. Akiona beki wake anachelewa kurudi nyuma ana wiki nzima ya kumrekebisha, na dirisha la usajili likifunguliwa anaweza kumleta mwingine. Kocha wa taifa hasajili mtu. Hupewa wachezaji kwa siku chache katika vipindi vilivyopangwa kwenye kalenda ya FIFA, na wengi wao hufika kambini wakiwa na uchovu wa safari na wa mechi za klabu zao. Mazoezi ya maana kabla ya mechi ya kufuzu yanaweza kuwa mawili au matatu tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ufundi wake ni kuchagua: nani aitwe na nani aachwe, nani anaelewana na nani uwanjani, nani hupoteza utulivu timu ikifungwa bao la mapema, nani akiwekwa benchi hununa na kuivuruga kambi, na nani anaweza kuingia dakika ya 80 akabadili mchezo bila kuhitaji kuzoea kwanza. Mambo haya hayaonekani kwenye mikanda ya video wala kwenye takwimu. Mtu huyajua kwa kuishi na wachezaji.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa Hispania. Luis de la Fuente alipokabidhiwa timu kubwa mwishoni mwa mwaka 2022, wengi hata ndani ya nchi yake waliona ni uteuzi mdogo mno, kwa kuwa hakuwa na jina katika klabu kubwa. Alichokuwa nacho ni miaka ndani ya shirikisho. Alitwaa ubingwa wa Ulaya kwa vijana wa chini ya umri wa miaka 19 mwaka 2015, kisha wa chini ya umri wa miaka 21 mwaka 2019, na timu yake ya Olimpiki ikapata medali ya fedha Tokyo. Katika Euro ya mwaka 2024, Hispania ilipobanwa na Ujerumani katika robo fainali hadi muda wa nyongeza, bao la ushindi lilifungwa na Mikel Merino aliyetoka benchi. Katika fainali dhidi ya Uingereza, bao la ushindi lilifungwa na Mikel Oyarzabal, ambaye naye alitoka benchi. Merino alikuwa na de la Fuente katika kikosi cha vijana cha mwaka 2015, na wote wawili walikuwa naye mwaka 2019. Aliyewaingiza alikuwa amewaona wakikua, na alijua kila mmoja wao anaweza kuaminiwa kwa kazi gani na kwa dakika ngapi. Sioni namna ambavyo kocha aliyetoka nje, hata awe hodari kiasi gani, angepata imani hiyo kwa wachezaji wa akiba ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Argentina nao walilifikia jambo hili karibu kwa bahati. Baada ya Kombe la Dunia la mwaka 2018 Jorge Sampaoli aliondoka, na msaidizi wake, Lionel Scaloni, akaachiwa timu kwa muda. Alikuwa hajawahi kuwa kocha mkuu wa klabu yoyote kubwa, na lawama zilikuwa kali, Diego Maradona akiwa miongoni mwa waliompinga hadharani. Mwaka 2021 timu hiyo ikaifunga Brazil katika uwanja wa Maracanã na kutwaa Copa América, kombe la kwanza kubwa kwa Argentina tangu mwaka 1993. Mwishoni mwa 2022 ikatwaa Kombe la Dunia, na mwaka 2024 ikatetea ubingwa wake wa bara. Ujerumani walifanya hivyo kwa makusudi zaidi. Joachim Löw alikuwa msaidizi wa Jürgen Klinsmann kuanzia mwaka 2004, akarithi kiti mwaka 2006, na akapewa miaka 8 kabla ya kulitwaa Kombe la Dunia la mwaka 2014, ingawa katikati alipoteza fainali moja na nusu fainali mbili.

Afrika mifano ipo, tena ya karibu. Ivory Coast, wakiwa wenyeji wa mashindano ya Afrika yaliyochezwa mapema mwaka 2024, walifungwa 4-0 na Equatorial Guinea, wakaachana na kocha wao Mfaransa, Jean-Louis Gasset, kabla hata hawajajua kama wamevuka hatua ya makundi. Shirikisho lilijaribu kumwazima Hervé Renard, ambaye wakati huo alikuwa na timu ya wanawake ya Ufaransa, likakataliwa. Ndipo kazi ikamwangukia msaidizi, Emerse Faé. Timu ile ile, yenye wachezaji wale wale, iliwatoa mabingwa watetezi Senegal kwa penalti, ikaishinda Mali ikiwa na watu 10 uwanjani, ikaitoa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo katika nusu fainali, na kuifunga Nigeria 2-1 katika fainali. Sisemi kwamba bahati haikuwepo, maana walivuka kama mmoja wa washindi wa tatu bora na matokeo ya kundi jingine yaliwasaidia. Hata hivyo sitaacha kujiuliza ingekuwaje kama Ufaransa wangekubali, na mtu mpya akashuka kwenye ndege siku chache kabla ya mechi ya mtoano akiwa na kazi ya kujifunza tabia za wachezaji 27.

Hadithi ya Aliou Cissé inanigusa zaidi, na naomba uniruhusu niieleze kwa kirefu kidogo. Mwaka 2002 alikuwa nahodha wa Senegal iliyowafunga Ufaransa katika mechi ya ufunguzi ya Kombe la Dunia, na mwaka huo huo alikosa penalti katika fainali ya Afrika waliyoipoteza kwa Cameroon. Baada ya kuifundisha timu ya vijana wa chini ya umri wa miaka 23 alikabidhiwa timu kubwa mwaka 2015. Mwaka 2017 alitolewa katika robo fainali ya kombe la Afrika kwa penalti, tena na Cameroon. Mwaka 2018 Senegal iliaga Kombe la Dunia kwa sababu ya kadi za njano, baada ya kulingana na Japani kwa kila kitu kingine. Mwaka 2019 alipoteza fainali ya Afrika kwa Algeria, 1-0. Kila moja ya nyakati hizo ingetosha kabisa, katika mataifa mengi, kumfukuza mtu na kuanza upya na jina jipya. Senegal walimbakiza, na Februari 2022 mjini Yaoundé wakaishinda Misri kwa penalti na kulitwaa kombe la Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yao. Alipoondoka mwaka 2024, nafasi yake ilichukuliwa na Pape Thiaw, ambaye alikuwa ameipa Senegal ubingwa wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao. Hapo naona nchi inayojua kwamba kocha huandaliwa kama anavyoandaliwa mchezaji.

Wanaopinga hoja yangu wana mambo mawili mazito, na sitayakwepa. La kwanza ni kwamba mtu wa ndani anaweza kuwa kibaraka wa viongozi wa shirikisho, au akawazoea wachezaji kiasi cha kushindwa kumwacha mkongwe aliyekwisha kuchoka. Hatari hiyo ni ya kweli. Raymond Domenech aliifundisha timu ya vijana ya Ufaransa kwa zaidi ya miaka 10 kabla ya kupewa timu kubwa mwaka 2004, akaifikisha fainali ya Kombe la Dunia la mwaka 2006, lakini akaachwa kitini hata baada ya Euro mbovu ya mwaka 2008, na mwaka 2010 wachezaji wake wakagoma kufanya mazoezi wakiwa Afrika Kusini. Kuwajua wachezaji kulimfikisha mbali, lakini hakukuzuia nyumba kuvunjika. Kwa hiyo ninaposema atafutwe ndani ya benchi, simaanishi apewe kazi bila kupimwa wala abakizwe kwa mazoea.

La pili ni kwamba wageni nao wamefanya makubwa. Wapenzi wa upande huo husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hawakosi mifano. Otto Rehhagel, Mjerumani, aliipa Ugiriki ubingwa wa Ulaya mwaka 2004, nchi ambayo ilikuwa haijawahi kushinda hata mechi moja katika fainali za mashindano makubwa. Lakini tukumbuke alivyoanza: mechi yake ya kwanza, mwaka 2001, alifungwa 5-1 na Finland. Ugiriki hawakumtimua. Alikuwa pia na msaidizi Mgiriki, Ioannis Topalidis, aliyekuwa akimtafsiria, na kwa miaka 3 alijenga kikosi kwa watu wale wale. Renard naye, alipowapa Zambia kombe la Afrika mwaka 2012 mjini Libreville, hakuwa mgeni kwao; alikuwa amewafundisha kati ya 2008 na 2010 na alikuwa amerudi tu. Hata Walid Regragui, anayetajwa kama mtu aliyetoka klabuni na miezi mitatu baadaye akaifikisha Morocco nusu fainali ya Kombe la Dunia la mwaka 2022, alikuwa amewahi kuichezea timu hiyo na kuwa kocha msaidizi wake, na mojawapo ya mambo ya kwanza aliyoyafanya ni kumrudisha Hakim Ziyech, aliyekuwa amekosana na kocha aliyetangulia. Ukiwachunguza wageni na wa nje waliofanikiwa, utaona walikuwa wamepewa muda wa kuwajua wachezaji, au walikuwa wanawajua tayari.

Wapo pia wanaosema mjadala umefungwa kwa sababu mashindano yote 22 ya Kombe la Dunia kwa wanaume, kuanzia mwaka 1930 hadi 2022, yameshindwa na timu zilizofundishwa na raia wa nchi hizo. Takwimu hiyo ni sahihi, lakini naiona dhaifu kama hoja. Mataifa yaliyolitwaa kombe hilo ni 8 tu, nayo ndiyo yenye makocha wengi na ligi zenye nguvu; hayakuhitaji kuazima mtu. Takwimu hiyo inatueleza mahali makocha wazuri wanapotengenezwa, haitwambii nchi isiyo nao ifanye nini leo.

Kwa nchi kama hizo ushauri wangu ni huu. Kabla ya kutangaza nafasi, shirikisho liwaite makocha wa timu za vijana na makocha wasaidizi walioko, liwasikilize kila mmoja kwa nusu siku juu ya wachezaji waliopitia mikononi mwao na namna ambavyo wangecheza mechi tatu zijazo. Akipatikana anayetosha, apewe kazi kwa mkataba unaovuka angalau mashindano mawili, na kipimo chake kiandikwe mapema ili asitimuliwe kwa hasira ya usiku mmoja wala kubakizwa kwa urafiki. Asipopatikana, aajiriwe mtu wa nje bila kuona haya, lakini mkataba umtake akae nchini, ahudhurie mechi za ligi na za vijana, na afanye kazi na msaidizi mzawa mwenye sauti ya kweli katika uteuzi wa kikosi. Nimeona mara nyingi msaidizi mzawa akiwekwa kubeba koni na kupanga jezi, na kocha mkuu anapoondoka maarifa yote huondoka naye, kisha tunaanza tena kutaja majina.

Nina ombi moja kwa waandishi wako, Mhariri. Shirikisho linapoitisha mkutano wa kumtambulisha kocha mpya, swali la kwanza huwa ni mshahara wake na la pili ni makombe aliyoyapata. Naomba safari ijayo mmoja wao aulize ni wachezaji wangapi wa kikosi cha sasa ambao kocha huyo amewahi kuwafundisha au kuwaona wakicheza kwa macho yake, na kwamba swali hilo na jibu lake vichapishwe pamoja na picha yake akikabidhiwa jezi.

Msomaji wako wa siku nyingi na mpenzi wa soka