Mafundi marumaru, jazeni maji kwanza ndo mpige silikoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenye nyumba na mafundi marumaru kuhusu mstari mmoja tu, pale marumaru za ukutani zinapokutana na ukingo wa bathtabu, yaani hodhi la kuogea. Mwezi uliopita mama wa ghorofa ya chini alinigongea asubuhi mapema akasema mwanangu njoo uone, nikashuka nikakuta dari lake la jipsamu limevimba lina doa la kahawia na maji yanadondokea kwenye beseni juu ya kitanda cha wajukuu zake. Niliumia sana, yule mama hajawahi kunikosea hata siku moja.

Fundi bomba akaja akapima, mabomba yote mazima. Kumbe shida ni ule mstari. Bafu nilikarabati mwaka jana na fundi akauziba kwa simenti nyeupe, ile ile aliyojazia katikati ya marumaru, na ilipendeza kweli.

Sasa fikiria, lita 150 za maji ni kilo 150, ongeza mtu wa kilo 70, hapo hodhi limebeba kilo 220 na kama ni la plastiki lazima linese kidogo, unatoka unaachia maji linarudi juu, kesho tena, lakini ukuta wenyewe hausogei. Simenti haivutiki, kwahiyo inapata ufa mwembamba kama unywele, na kila ukifungua shawa maji yanateremka ukutani yanaingia humo yanajaa nyuma ya hodhi kwenye zege mpaka yapate njia ya kwenda kwa jirani. Wewe wa juu huoni kitu kabisa.

Fundi wa pili alibandua safu yote ya chini ya marumaru, zilitoka kwa mkono tu maana gundi na plasta nyuma vilishalowa. Akaacha ukuta ukauke vizuri, akabandika nyingine zikashuka mbele ya ukingo wa hodhi sio nyuma yake, akaacha nafasi kama milimita 3. Gundi ilipokauka akakwangua mabaki yote, akafuta kwa spiriti, akabandika tepu ya karatasi juu na chini. Alafu akafungulia maji akajaza hodhi! Nikamuuliza kaka mbona unaharibu maji, akanijibu hodhi likijaa linashuka na nafasi inapanuka, silikoni, ile gundi inayovutika kama mpira, ikipigwa hapo, maji yakitoka inabanwa tu, ila ukiipiga hodhi likiwa tupu, siku ya kwanza mtu anaoga inavutwa na kubanduka. Akapiga silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, akalainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni, akavua tepu ingali mbichi na maji tukayaacha humo mpaka kesho yake.

Na tafadhalini msipige silikoni mpya juu ya ya zamani, haishiki, itoeni yote kwa wembe kwanza.

Fundi wa kwanza simlaumu sana, aliniambia ndivyo alivyoonyeshwa na fundi aliyemfundisha kazi, na wapo wengi kama yeye. Kwahiyo nawaomba walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA mnaofundisha uashi, hili la kujaza maji wanafunzi walifanye kwa mikono yao sio kusimuliwa tu. Wenye nyumba nanyi msibane hela hapo, tyubu ya silikoni haifiki hata robo ya nilichotumia kumrudishia mama dari lake. Wapangaji mkiona mstari umeachia au umeanza weusi semeni mapema, chini yenu kuna mtu amelala.

Mkazi wa Upanga,
Dar es Salaam