Programu za terminali zipo za bure, kwa nini vijana wetu wauziwe kwa flashi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazungumzie vijana wanaojifunzia nyumbani kazi ya kusimamia seva (kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine) na mitandao, pamoja na wazazi wanaowalipia karo, kuhusu programu ya kuiga terminali, ambayo wengi wao huichagua kwa kumsikiliza muuzaji badala ya kuitazama kazi yenyewe.

Kwa wasioifahamu, terminali ilikuwa skrini na kibodi zilizounganishwa kwa waya na kompyuta kubwa iliyowekwa katika chumba chake, nayo haikuwa na kazi nyingine ila kupeleka herufi na kuonyesha majibu. Mojawapo iliyopata sifa ni VT100, iliyotolewa na kampuni ya Digital ya Marekani mwaka 1978, ambayo skrini yake ilibeba mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja, na hadi leo programu nyingi hufuata ishara zake. Ukiweka programu ya aina hiyo katika kipakatalishi chako, nacho hugeuka terminali: unaandika amri ukiwa mtaa wa Umoja au wa Kahawa hapa Nairobi, na amri hiyo inatekelezwa na seva iliyo ng'ambo.

Nimesukumwa kuandika na yaliyomfika mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliyerudi nyumbani na flashi aliyouziwa kwa shilingi 1,500 katika kibanda kimoja cha katikati ya jiji. Ndani yake mlikuwa na programu ya terminali ambayo kwa kawaida hulipiwa, ila hiyo ilikuwa imevunjwa kufuli ya leseni, na karatasi ya maagizo ilimtaka azime kingavirusi kabla ya kuiweka. Naye aliizima.

Ningependa wazazi waelewe uzito wa jambo hilo. Programu ya terminali hupitiwa na kila herufi unayobonyeza, likiwemo nenosiri la seva, na mara nyingi ndiyo inayousoma ufunguo wa siri, yaani faili ya kuingilia katika seva badala ya nenosiri, uliohifadhiwa katika kompyuta yako. Kumkabidhi kazi hiyo mtu usiyemjua, tena baada ya kumwondoa mlinzi mlangoni, ni kumpa funguo za nyumba ya mwajiri wako wa kesho. Wala si hofu ya kubuni, kwa kuwa mwaka 2015 wataalamu wa usalama waligundua nakala ya PuTTY, mojawapo ya programu hizi za terminali, iliyochezewa na iliyokuwa ikiiba maelezo ya watu ya kuingilia katika seva. PuTTY halisi, iliyoandikwa na Mwingereza Simon Tatham, imekuwa ikitolewa bure tangu mwaka 1999 na msimbo wake uko wazi. Kinachotakiwa ni kuichukua katika tovuti ya mwenyewe, si popote patakapojitokeza kwanza unapoitafuta mtandaoni.

Nakala ya flashi ina kasoro nyingine, kwamba hubaki ilivyo miaka nenda miaka rudi. Aprili 2024 ilitangazwa kwamba PuTTY kuanzia toleo la 0.68 hadi la 0.80 ilikuwa na udhaifu uliomwezesha mvamizi kukokotoa ufunguo wa siri wa aina moja, ule wa ECDSA wa biti 521, na marekebisho yakaja katika toleo la 0.81. Aliyepakua mwenyewe aliweza kusasisha siku hiyo hiyo bila malipo, na waliokuwa na ufunguo wa aina hiyo wakashauriwa kuuacha na kutengeneza mwingine.

Sasa achague ipi? Mimi humuuliza kijana kwanza anaunganisha na nini. Ikiwa ni seva ya Linux, huenda hahitaji kuongeza chochote, kwa kuwa Windows 10 katika matoleo yake ya karibuni, Windows 11, Mac na Linux zote huja na amri ya ssh, inayokuunganisha na seva huku ikificha unachoandika. Ikiwa ni ruta iliyo mezani, inayoandaliwa kwa kebo ya konsoli, amri hiyo haitamfaa, bali atumie PuTTY au Tera Term na aweke kasi inayotakiwa na kifaa, ambayo mara nyingi ni 9600. Anayetaka kujifunza kompyuta kubwa za IBM atafute programu inayoiga terminali ya 3270, kama x3270, maana huko mtu hujaza skrini kama fomu kisha akaituma yote kwa pamoja, na PuTTY haiwezi kuiga hilo.

Telneti, njia ya zamani ya kuunganisha na seva, aiache kabisa nje ya meza ya mazoezi, kwa sababu hupitisha nenosiri wazi wazi. Wizi wa manenosiri katika mtandao wa chuo kikuu chake ndio uliomfanya Tatu Ylönen wa Ufini aunde SSH mwaka 1995. Na kwa sisi ambao stima hupotea katikati ya kazi na bando huisha bila taarifa, inafaa kuzoea kufungua tmux, programu inayoshikilia kazi yako, ndani ya seva, ili muunganisho ukikatika kazi iendelee kule na mtu airudie pale alipoiachia. Faida hiyo, ambayo pia haina malipo, naiona kubwa kuliko rangi na madirisha yanayosifiwa na wauzaji.

Kompyuta ya mpwa wangu tuliifuta yote na kuweka mfumo upya, kisha tukabadilisha manenosiri yake tukitumia kompyuta nyingine, na zoezi hilo lilitumaliza siku mbili. Nawasihi wakuu wa vyuo vinavyofundisha taaluma hii wampe kila mwanafunzi, siku ya kusajiliwa, ukurasa mmoja wenye majina ya programu hizi na anwani za tovuti za waliozitengeneza.

Fundi wa kompyuta,
Umoja, Nairobi