Mwanangu ameliita kopo langu la dawa kopo la teja

Shangazi,

Saa tisa usiku hii naandika. Mgongo haunipi kulala, na hata usingeuma nisingelala. Neno la mwanangu limenikaa kooni tangu Jumapili. Teja! Mimi niliyemsomesha unesi kwa vitumbua, niitwe teja mbele ya mawifi zangu.

Ilikuwa arobaini ya mama mkwe. Watu wameshakula, tumebaki wanawake tunaosha masufuria. Nikaingia chumbani kumeza zangu, akanifuata, akalichukua kopo mkononi mwangu na kwenda kulimwaga mkekani kama anayechagua mchele. Akaanza kuvitenga vidonge kwa kidole. Hiki kakupa nani? Hiki cha lini? Hiki mbona hakina karatasi yake? Kisha akaniuliza, kwa sauti, kama choo changu kimekuwa cheusi. Mbele ya watu, Shangazi! Nikamjibu hapana. Ndipo akasema, "Mama, hili ni kopo la teja."

Vidonge hivyo sikuviokota njiani. Losatani ya presha na kile cha kukojoza nimepewa kliniki, mwaka wa sita huu. Diklofenaki ya maumivu niliandikiwa na daktari wa mifupa nilipoanguka na ndoo. Alisema nimeze siku kumi, baada ya chakula. Dawa zikaisha, maumivu hayakuisha, sasa ningefanyaje? Duka la dawa wananiuzia bila neno. Amitriptilini ya usiku nayo ni ya hospitali, wala si ya wazimu kama wifi yangu alivyonong'ona. Wanaitoa hata kwa mishipa ya fahamu, maana mguu wangu huwaka moto toka kiunoni hadi kisiginoni. Tramadoli, ile kali ya maumivu, ndiyo sikuandikiwa, sikatai. Jirani alinipa zilizobaki za marehemu mumewe, nami humeza siku nikishindwa kabisa kuinuka. Siku zenyewe zimekuwa nyingi kidogo.

Mwanangu anasema cha presha, cha kukojoza na diklofenaki vikikutana mwilini vinaweza kuumiza figo bila mtu kujua. Anasema diklofenaki yenyewe hupandisha presha, na huenda ndiyo maana kliniki wameniongezea losatani kutoka miligramu 50 hadi 100 na bado presha iko palepale. Na kwamba tramadoli na amitriptilini kwa pamoja huweza kumletea mtu mitetemo, jasho, hata degedege. Hata panadoli alinikataza kuimeza juu ya ile dawa ya mafua, eti ni kitu kilekile ndani yake, naweza kuzidisha na kuua ini. Haya, kasoma, anajua. Lakini jikoni hapakuwa na nafasi ya kuniambia? Chumbani je? Ni lazima iwe mkekani, wifi mkubwa kakunja miguu anasikiliza?

Yeye hajui maumivu haya. Hajawahi kusukumwa na mumewe kama gunia ili aweze kugeuka kitandani. Nilikuwa nasimama jikoni toka alfajiri mpaka saa nne, leo kuinama kuchochea moto ni kazi. Siyapendi hayo madawa. Nataka niyaache yote, hata leo.

Na kweli jana nilisusa, sikumeza hata kimoja, hata cha presha, ili aone. Jioni kichwa kikawa kinagonga. Saa saba usiku nikanyata hadi kabatini nikameza diklofenaki mbili. Sasa wewe niambie, huyo si teja? Hapana, nasema si teja. Mtu mwenye maumivu si teja. Sijui, Shangazi.

Mume wangu ananiambia nimsamehe, mtoto ana uchungu na mamaye. Nitamsamehe, ila aje aniombe radhi mbele ya walewale waliosikia. Nifundishe namna ya kumwambia bila kugombana, maana tangu Jumapili simu zake sipokei.

Alhamisi ni siku yangu ya kliniki ya presha. Daktari wa pale hajui kama nina daktari wa mifupa, na wa mifupa hakuniuliza kuhusu presha, nami sikusema. Nikienda na kopo lote kama lilivyo, watanifokea? Watanikatia zote nibaki na mgongo wangu? Au nizitoe kwanza zile za jirani, asije akaulizwa?

Halafu kuna jambo sijamwambia mtu. Pale mkekani nilimdanganya mwanangu. Choo ni cheusi kama lami tangu Ijumaa. Nilijiambia ni mchicha, lakini mchicha nimekula miaka yote. Na nikisimama ghafla naona giza. Sitaki kumpigia yeye, atasema nilikwambia. Hili linaweza kungoja hadi Alhamisi?

Mama wa Vitumbua,
Tanga