Barua kwa Wazazi: Krediti 168 Zimekuwaje 42

Houston, Texas
9 Februari 2025

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza kulegea na mjukuu wenu amepona kikohozi.

Baba, siku ile kwenye simu uliniuliza kwa upole, lakini uzito wa swali niliusikia: miaka ile ya Chuo Kikuu Huria, pamoja na fedha za machungwa zilizolipa ada, vimekwenda wapi, ikiwa leo nimeingia chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, pamoja na vijana waliomaliza sekondari mwaka jana? Salio lilikwisha kabla sijajibu, na hata lisingekwisha, jambo hili halielezeki kwa dakika tatu. Ndiyo maana nimeona niliandike.

Nianze na hesabu, kwa sababu najua hapo ndipo ulipoona nimepunjwa. Nilipoondoka Tanga nilikuwa nimefaulu kozi 14 za krediti 12 kila moja, yaani krediti 168. Karatasi ya tathmini niliyopewa na wanaolinganisha masomo ya nje na ya huku inasema 42. Nami nilipoisoma mara ya kwanza nilikaa kitako. Lakini krediti ya nyumbani na ya huku hazipimi kitu kimoja. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kusoma, na ndani yake yamo yote, hata zile saa nilizokuwa nikijisomea usiku baada ya kutoka kazini. Marekani krediti moja ni saa moja ya darasani na saa mbili za kujisomea kila wiki, kwa wiki zipatazo 15, jumla yake saa 45. Kozi yangu ya krediti 12 ilikuwa na saa 120. Kozi ya krediti 3 ya huku ina saa 135. Kwa hiyo 12 zikawa 3. Ni sawa na mtu apimaye mchele kwa pishi na mwingine kwa kilo: tarakimu zinatofautiana, gunia ni lile lile.

Nashukuru pia kwamba hakuna aliyeniuliza kwa nini nilisoma nikiwa nyumbani badala ya kukaa bweni. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kwamba chuo kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kwamba kina vituo mikoani, na kwamba mitihani tuliifanya kwa kusimamiwa kama wanafunzi wa chuo chochote. Sikuhitaji. Walichotaka kujua ni kama chuo kinatambuliwa na mamlaka ya nchi yake.

Karatasi ya tathmini, hata hivyo, ni ushauri tu. Chuo chenyewe ndicho huamua kinachukua nini, na hapo ndipo mambo yalipobana. Mshauri wa masomo aliweka transkripti yangu, yaani hati ya kozi na alama zangu, upande mmoja na orodha ya kozi za Texas upande wa pili, akawa anashuka na kalamu mstari kwa mstari. Vyuo vya umma vya miaka miwili katika jimbo hili hutumia namba za kozi zinazofanana, na namba yenyewe inasema: kwenye ACCT 2301, ambao ni uhasibu wa fedha, tarakimu ya kwanza inaonyesha mwaka wa pili na ya pili inaonyesha krediti tatu. Kozi zangu mbili za uhasibu zilipata wenzao papo hapo, na mbili za uchumi vile vile. Hisabati, utangulizi wa biashara na kompyuta zikapita. Taaluma za Maendeleo hazikuwa na mwenza, zikaingizwa kama kozi ya hiari. Hizo ni nane, krediti 24.

Tano zimekataliwa, na katika nne sina ugomvi nao. Sheria ya biashara niliyoisoma ni ya Tanzania. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, niliyoikariri mpaka Mama akawa anaijua, haina kazi katika mahakama za Texas. Kodi ni hivyo hivyo. Ukaguzi wa hesabu na usimamizi wa fedha ni kozi za juu, na chuo cha miaka miwili hakifundishi ngazi hiyo, kwa hiyo hakiwezi kuzitolea krediti. Chuo kikuu nitakachohamia huenda kikaziangalia upya, ndiyo maana nimezihifadhi karatasi zote. Iliyoniuma ni Stadi za Mawasiliano. Niliipata kwa alama B, lakini wanataka utunzi wa Kiingereza uliosomwa hapa hapa, na kabla ya hapo nikafanyishwa mtihani wa utayari wa masomo ya chuo ambao jimbo linauita TSIA. Nimefaulu. Bado naona walinionea kidogo.

Kozi ya takwimu bado inaning'inia, nayo nitaieleza mwishoni.

Shahada ndogo ya miaka miwili inataka krediti 60, kwa hiyo nimebakiwa na 36. Kati ya hizo, 12 ni historia ya Marekani na mambo ya serikali, ambazo sheria ya Texas inamtaka kila anayetafuta shahada ya kwanza katika chuo cha umma azisome, na ambazo nisingeweza kuzibeba kutoka Tanga kwa njia yoyote.

Kuhusu jina la chuo, Baba, naomba usilione kama elimu ya ngumbaru. Vyuo vya aina hii si vya juzi. Kile cha umma kilichotangulia, cha Joliet katika jimbo la Illinois, kilifunguliwa mwaka 1901. Ada yake ni ndogo kwa sababu wenye nyumba wa wilaya hii hukichangia kwa kodi ya majengo, na mkazi wa wilaya hulipa ada ya chini kuliko anayetoka nje. Tena, kwa kuwa tuna hati ya ukazi wa kudumu, nimepata ruzuku ya serikali iitwayo Pell, ambayo mwaka huu wa masomo, 2024/25, kiwango chake cha juu ni dola 7,395. Si mkopo kama ule wa Bodi ya Mikopo. Hairudishwi wala haina riba, kwa hiyo uwe na amani. Nikimaliza nitahamia chuo kikuu cha serikali nikamalizie miaka miwili ya mwisho, na cheti cha mwisho kitatoka huko.

Lipo kosa moja ambalo ni langu mwenyewe na sikuwahi kuwaambia. Ile transkripti niliyosafiri nayo ilikuwa ndani ya bahasha iliyogongwa mhuri juu ya mkunjo wake. Usiku wa pili baada ya kufika, kwa hamu tu ya kuziona alama zangu, niliifungua. Bahasha iliyofunguliwa na mwanafunzi haipokelewi, na ndiyo sababu Rajabu alilazimika kwenda makao makuu ya chuo, Kinondoni, Dar es Salaam, kuomba nyingine, kwa nauli aliyokopa kwako. Nauli hiyo nitairudisha mwezi huu pamoja na fedha za dawa za Mama.

Sasa ombi. Ili takwimu ihesabiwe, chuo kinataka muhtasari wa kozi unaoonyesha mada moja moja, vitabu vilivyotumika na idadi ya saa, kwa mwaka ule niliosoma na si kwa mwaka huu. Naomba Rajabu auombe chuoni, wapige mhuri na kuuweka kwenye bahasha, kisha ampelekee shemeji kabla ya tarehe 28, maana yeye ndiye anayesafiri kuja huku. Na mwambieni asiifungue.

Binti yenu,
Mwanaidi