Barua kwa mdogo wangu: sema kwamba unasikia baridi

Mdogo wangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Ujumbe wako wa saa nane usiku nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ulikuwa mistari miwili tu: "Dada, nikipiga magoti hakuna kinachotoka. Nadhani imani yangu imekwisha." Nilitaka kukupigia papo hapo, nikajizuia, kwa kuwa ningekujibu yale yale uliyokwisha kuambiwa na wapendwa: kaza mwendo, jaribu haliwezi kukuzidi nguvu, muujiza wako u njiani. Umenikubalia niandike haya mahali wengine nao watayasoma, nami nakushukuru. Una wenzako wengi wanaoimba kwaya Jumapili na kulia Jumatatu.

Nianze na hilo la jaribu kutozidi nguvu zako, maana najua limekuumiza. Umelemewa, kisha unaambiwa kulemewa kwenyewe ni dalili kwamba huamini. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kule Asia alilemewa kuliko nguvu zake, hata akakata tamaa ya kuishi. Hiyo ni sura ya kwanza ya waraka wa pili, mstari wa nane. Wala hakuandika kama mtu anayekiri dhambi. Aliwaeleza ndugu zake tu jinsi hali ilivyokuwa.

Sasa kuna jambo nalipenda sana kwa huyu Paulo, nalo ndilo hasa lililonifanya nikuandikie. Fungua Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya nne. Yuko gerezani Roma, anajua mwisho wake umekaribia. Sote tumekariri sehemu ile ya vita vizuri na mwendo aliomaliza. Tunaisoma kwenye mazishi, tunaichapa kwenye fulana. Lakini shuka mistari michache. Dema amemwacha. Aliyebaki naye ni Luka peke yake. Kisha anamwambia Timotheo: utakapokuja, niletee lile joho nililoliacha kwa Karpo huko Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Na chini zaidi: jitahidi ufike kabla ya wakati wa baridi.

Joho! Mtu aliyemwona Bwana njiani kwenda Dameski, aliyefungua makanisa mji baada ya mji, anaomba nguo ya kujifunika. Troa iko pwani ya nchi tunayoiita leo Uturuki, safari ndefu ya bahari na nchi kavu hadi Roma. Na lile neno "kabla ya wakati wa baridi" lilikuwa na uzito, kwa sababu miezi ya baridi vyombo vingi havikuthubutu kuvuka Bahari ya Mediterania. Timotheo akichelewa kuondoka, basi joho lingengoja hadi bahari itulie, na mzee angetetemeka miezi yote hiyo, kama angekuwa bado hai.

Angeweza kuandika kwamba Bwana ni joho lake, na sisi tungesema amina. Aliandika kwamba anasikia baridi. Na hapo hapo, kwenye ukurasa ule ule, anasema Bwana alisimama pamoja naye akamtia nguvu. Vyote viwili vilikuwa kweli kwa siku moja. Sisi tumefundishana kwamba ukitaja baridi umeikana nguvu.

Nayajua haya kwa mwili wangu. Unaukumbuka mwaka ule shemeji yako alipolazwa. Walikuja watu wa maombi jioni moja, wanne, wakasimama kuzunguka kitanda, na mmoja wao akamuuliza mgonjwa, mbele yangu, kama kuna dhambi aliyoificha. Mume wangu aligeuza uso ukutani. Hakusema neno hadi asubuhi. Mimi nami tangu siku hiyo nilianza kujibu "tunaendelea vizuri, Mungu ni mwema" kwa kila aliyeuliza, maana niliogopa kuulizwa swali lile lile.

Halafu kulikuwa na yule mama mtu mzima wa kanisani kwetu, ambaye hata jina lake wengi hawalijui kwa kuwa hashiki kipaza sauti. Alikuwa akija nyumbani kila Jumamosi. Hakuuliza chochote. Alichukua beseni, akafua mashuka, akayaanika, na alipokunja mikono yake iliyosinyaa kwa maji na sabuni akaketi kando yangu na kusoma zaburi moja. Siku moja alisoma ya 88. Kaisome, mdogo wangu. Ni kilio tangu mwanzo, na inaishia gizani. Hakuna mstari wa kufariji mwishoni. Nilingoja aongeze neno lake. Akafunga Biblia, akanishika goti, akaondoka. Usiku ule ndipo nilipoomba kwa mara ya kwanza baada ya miezi, na ombi lenyewe lilikuwa "Bwana, nimechoka." Sikuwa na jingine. Kama kilio kile kilipewa nafasi ndani ya Neno, basi na changu kilikuwa na pa kwenda.

Kwa hiyo usiniambie imani yako imekwisha. Aliyeacha kuamini hasumbuki saa nane usiku kwamba hana maneno ya kumwambia Mungu. Nabii Eliya, chini ya mti wa mretemu, aliomba afe. Malaika hakumhubiria, alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji, akamwacha alale tena. Lala, mdogo wangu. Kula. Naandika kwa uzito kabisa: utii wako wa wiki hii huenda ni huo.

Lakini sitaki ufikiri nakuambia mtu akiumia anapumzishwa kuwa mwanafunzi wa Yesu. Hapana. Luka, tofauti na Mathayo na Marko, ameweka maneno mawili katika agizo la kujitwika msalaba: kila siku. Na siku ya shida nayo ni siku. Hapa ndipo nafika kwenye lile jambo la cheti, ambalo ulilitaja kwa kupita kama vile hukutaka niulize.

Anayekuahidi kazi anataka upeleke cheti kisicho chako. Umekaa bila kazi muda mrefu, una watoto wanaokutazama, na umeniambia kila mtu anafanya. Najua. Sitakudanganya kwamba ukikataa leo, kesho utapigiwa simu na kupewa kazi bora zaidi. Shuhuda za namna hiyo zipo na ninazifurahia, ila hatupewi zote. Wale vijana watatu mbele ya tanuru la Nebukadreza walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza: bali kama si hivyo. Tunahubiri sana moto uliowashindwa, na maneno hayo manne tunayaruka. Waliyasema wakati hawajui mwisho wa habari yao. Wewe nawe hujui wa kwako. Usipeleke kile cheti. Na kama ukikataa halafu miezi ikapita bila kitu, sitakuja kukuuliza ni dhambi gani umeificha.

Nalisema hili kama mtu atakayelipa sehemu ya gharama. Ni vibaya sana kumwambia mwenzako asimame imara kisha ukaenda nyumbani kulala. Paulo anamtaja Onesiforo, ambaye hakuuonea haya mnyororo wake, bali alipofika Roma alimtafuta kwa bidii hata akampata. Hebu fikiria mtu akizunguka mji mkubwa, akiuliza gereza hadi gereza habari za mfungwa ambaye wengine walikuwa wakijitenga naye. Mimi kwako nimekuwa nikituma mistari ya Biblia asubuhi, na picha za maua. Nisamehe. Nilikuwa naona haya ya mnyororo wako, labda kwa sababu ulinikumbusha wangu.

Ada ya watoto ya muhula huu tumeizungumza na shemeji yako. Utaona ujumbe kwenye simu. Usinirudishie wala usinipigie kunishukuru.

Kuhusu kurudi kwenye ushirika, sikulazimishi Jumapili hii. Umeumizwa pale na maneno, na kidonda kinahitaji muda. Ila usikae mwezi mzima bila kusikia sauti ya mwamini mwenzako ikikuombea. Hata Bwana wetu, pale Gethsemane, aliwaomba Petro, Yakobo na Yohana wakeshe naye. Walisinzia, ndiyo, na nasi tumekusinzilia. Lakini aliwaomba. Mtafute mmoja asiyependa kusema sana. Kama hayupo, niko mimi.

Kesho saa tatu usiku nitakupigia. Huna haja ya kuandaa lolote. Ukiwa na maneno tutaongea; usipokuwa nayo nitasoma zaburi moja hadi mwisho, halafu tutakata simu. Jumamosi nakuja mwenyewe, na tafadhali usinifanyie usafi wa nyumba. Nguo chafu ziache kwenye kapu.

Na kabla sijaondoka huku, niandikie: joho lako ni lipi? Nikuletee nini?

Dada yako