Risala ya Wahitimu wa Stashahada ya Uuguzi na Ukunga kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya. Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Mganga Mkuu wa Wilaya. Mkuu wa Chuo na wakufunzi wetu. Wazazi, walezi na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuacha majukumu mengi ya wilaya na kuja kuketi nasi katika mahafali haya. Miaka 3 ya masomo imetupitisha katika wodi zote, lakini sisi wahitimu tumekubaliana kwamba risala hii izungumzie wodi moja tu, ile ya watoto wachanga, kwa kuwa ndiko tulikojifunza mengi na ndiko tunakoomba mkono wako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37, ambaye mitaani tumezoea kumwita njiti, huja duniani akiwa na mafuta machache mno chini ya ngozi, na ngozi yenyewe ni nyembamba, hivyo joto humtoka upesi kuliko awezavyo kulitengeneza. Mtoto mchanga anatakiwa kuwa na nyuzijoto kati ya 36.5 na 37.5. Akishuka chini ya hapo hutumia akiba yake ndogo ya sukari ili kujipasha joto, hulegea, hushindwa kunyonya, na kwa kuwa hanyonyi sukari huzidi kupungua, mpaka kupumua kwenyewe kukamshinda. Ndiyo maana tulifundishwa kumgusa mtoto nyayo kabla ya kufungua faili lake.

Kinga ya baridi hiyo ni kifua cha mama. Njia hii ya kumbeba mtoto kifuani, iitwayo kangaruu, ilianzishwa na madaktari Edgar Rey na Héctor Martínez huko Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali yao ilipokuwa na watoto wengi kuliko mashine za joto. Mtoto hubakizwa na nepi, kofia na soksi, huwekwa wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, akafungwa kwa khanga, na kukaa hapo kati ya saa 8 na saa 24 kwa siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ambao Tanzania ilishiriki pamoja na Ghana, India, Malawi na Nigeria, ulionyesha kwamba watoto wadogo walioanzishiwa kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali zao zitengemae, walipungukiwa vifo kwa robo katika siku 28 za kwanza. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likatoa mapendekezo mapya yanayoelekeza hivyo.

Tulipokuwa katika mazoezi kwa vitendo tulimhudumia mama aliyejifungua mtoto wa gramu 1,400. Usiku kucha alimbeba kifuani akiwa ameketi juu ya benchi la mbao, kwa kuwa wodi haikuwa na kitanda cha mama. Alikuwa na siku 2 tu tangu ajifungue. Karibu na alfajiri mgongo ulimzidi, akatuomba tumlaze mtoto, nasi tukamlaza na kumfunika vizuri. Tulipompima tena alikuwa na nyuzijoto 35.6. Baba yake alifika saa 1 asubuhi, tukamweleza, akavua shati papo hapo na kumpokea mwanawe. Kabla ya saa 4 mtoto alikuwa amefika 36.7, na maziwa aliyokamua mama yake akayamaliza kwa kikombe. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kumwona mwanamume akifanya kazi hiyo, na tangu siku ile hatujaacha kuwaomba akina baba waifanye.

Viongozi wanaotembelea wodi hizi huuliza kwanza idadi ya mashine. Mashine zinahitajika, hasa mama anapokuwa mahututi, lakini tungefurahi zaidi kama swali la kwanza lingekuwa mama analala wapi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba bajeti ijayo ya Halmashauri itenge fedha za vitanda 6 vya kuegemea kwa ajili ya akina mama wa kangaruu. Tunaomba pia vipimajoto vinavyosoma chini ya nyuzi 35, kwa sababu vingi vya kawaida huanzia hapo, na mtoto aliyepoa zaidi ya hapo hatujui amefika wapi. Ombi la tatu halina gharama: baba au bibi wa mtoto aruhusiwe kuingia wodini nje ya saa za kutazama wagonjwa, akishanawa mikono, ili ampokee mama anapochoka.

Sisi wahitimu tuko tayari kupangiwa kazi popote wilayani, zikiwemo zahanati za mbali, na tutafurahi mmoja wetu akipangiwa wodi hiyo.

Tunaomba kuwasilisha.